Gripu ya kamera: Si kila isiyo ya kampuni ni bandia

JINA la Kidatu, mji mdogo ulioko Kilombero mkoani Morogoro, huenda pamoja na umeme. Kituo chake cha kufua umeme kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, kilichoanza kazi mwaka 1975, kina uwezo wa megawati 204. Kilikuwa kikubwa kuliko vituo vyote vya maji nchini hadi mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere ilipoanza kuzalisha mwaka 2024.

Hata hivyo, megawati hizo hazimsaidii mpiga picha wa Kidatu au Ifakara aliyesimama kanisani tangu asubuhi na ambaye ataondoka ukumbini usiku wa manane. Kazi yake yote inategemea betri ndogo iliyomo ndani ya kamera. Ndiyo maana wengi hutafuta kishikio cha betri, kifaa ambacho wapiga picha wamezoea kukiita gripu.

Gripu hufungwa chini ya kamera kwa skrubu, katika tundu lile lile la kufungia miguu mitatu. Huongeza nafasi ya betri, huipa kamera uzito unaotulia mkononi, na huwa na kitufe cha pili cha kupigia picha, ili anayepiga picha za wima asilazimike kuinua kiwiko. Kwa kamera chache huongeza pia kasi. Nikon D700, kwa mfano, hupiga picha 5 kwa sekunde, lakini ikifungwa gripu ya MB-D10 yenye betri inayofaa hufikia 8.

Aina tatu, si mbili

Mnunuzi anapofika dukani, Morogoro au Kariakoo, huulizwa kama anataka "orijino" au "ya kawaida". Swali hilo lina kasoro, kwa sababu gripu zilizoko sokoni ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ile inayotengenezwa na kampuni ya kamera yenyewe, kama BG-E14 ya Canon kwa kamera za 70D, 80D na 90D. Ya pili hutengenezwa na kampuni nyingine, kama Meike, Neewer au Phottix, ambayo huandika jina lake wazi na kutaja kamera inayolingana nayo. Bei yake mara nyingi huwa kati ya robo na nusu ya bei ya ile ya kwanza. Ya tatu ni bandia: imetengenezwa kusikojulikana, kisha ikabandikwa jina la Canon au Nikon.

Aina ya pili ni biashara halali. Ya tatu ni udanganyifu, na nchini Tanzania inakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Anayeziweka hizi mbili katika kapu moja huweza kuikataa bidhaa nzuri ya bei nafuu, kisha akalipa fedha nyingi kwa bidhaa mbovu kwa sababu tu ina nembo kubwa.

Tofauti katika utendaji

Gripu ya kampuni ya kamera kwa kawaida hukaa bila kucheza, vitufe vyake vina uzito ule ule wa vitufe vya kamera, na kwa kamera za daraja la juu huwa na kingo za mpira za kuzuia vumbi na matone ya maji. Gripu za kampuni nyingine nyingi ni za plastiki tupu. Baadhi hulegea baada ya miezi kadhaa, na nyingine hunyonya betri hata kamera ikiwa imezimwa.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni jinsi gripu inavyoungana na kamera. Katika kamera nyingi za Canon zenye kioo, betri hutolewa, mlango wake hung'olewa, na mkono wa gripu huingizwa ndani ya chumba cha betri. Kwa hiyo gripu ikikataa kufanya kazi, kamera nzima huzimika. Katika Nikon kama D700, D750 na D800, betri ya kamera hubaki mahali pake na gripu huongeza nyingine. Gripu ikifa, kamera huendelea. Mwenye Nikon ya aina hiyo anaweza kujaribu gripu ya bei nafuu kwa hofu ndogo kuliko mwenye Canon.

Aidha, zipo kamera ambazo hazina cha kuchagua. Nikon haikutengeneza gripu kwa ajili ya kamera zake ndogo za D3000 na D5000, hivyo anayeihitaji hana budi kununua ya kampuni nyingine.

Betri ndizo mzizi

Hatari kubwa zaidi haimo katika gripu bali katika betri zinazotiwa ndani yake. Gripu mbovu itasimamisha kazi, lakini betri mbovu ya lithiamu huweza kuvimba, kukwama ndani ya chumba chake, na hata kushika moto.

Kipimo kimoja rahisi ni namba iliyoandikwa kwenye betri. Betri ya Canon ya LP-E6 ilitoka mwaka 2008 ikiwa na uwezo wa mAh 1800. Toleo la LP-E6N la mwaka 2014 lilifikia 1865, na LP-E6NH ya mwaka 2020 ilifikia 2130. Kampuni hiyo ilitumia miaka 12 kuongeza mAh 330 katika umbo lile lile. Betri ya bei ya chini inayodai mAh 3000 katika umbo hilo inapaswa kutiliwa shaka.

Gripu nyingi za kamera zenye kioo hupokea pia betri ndogo za AA, zile za saa za ukutani, ambazo hupatikana hata katika duka la kijijini. Ni msaada wa dharura, lakini zile za kaboni za bei rahisi haziwezi kutoa umeme wa kutosha kuendesha kamera. Zinazofaa ni za alkalini au, vizuri zaidi, zile za kuchajiwa. Gripu nyingi za kamera mpya zisizo na kioo, kama BG-R10 ya Canon, hazipokei AA kabisa.

Mazingira ya Kilombero

Bonde la Kilombero lina joto na unyevu, na wakati wa mavuno ya miwa majivu ya mashamba yanayochomwa huelea hewani. Kila kiungo kilicholegea kati ya gripu na kamera ni mlango wa uchafu huo. Pini za shaba zinazopitisha umeme zinahitaji kufutwa mara kwa mara kwa kitambaa kikavu.

Kwa anayepanda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, hesabu hubadilika. Ndani ya hifadhi hiyo watalii hutembea kwa miguu, na njia ya kwenda maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, ni ya kupanda. Huko gripu ni mzigo, na betri mbili za akiba mfukoni hutosha.

Kabla ya kulipa

Kutoka Kidatu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya kurudisha kifaa kibovu hula faida yote ya bei nafuu. Mnunuzi anashauriwa kwenda dukani na kamera yake, afunge gripu, na aitikise aone kama inacheza. Ajaribu kila kitufe, kisha atoe betri moja aone kama kamera inaendelea kwa ile ya pili. Adai risiti yenye jina la bidhaa na muda wa dhamana. Kama kamera yake bado ina dhamana, asome masharti, kwani uharibifu uliosababishwa na kifaa cha kampuni nyingine kwa kawaida haulipwi.

Mwenye fedha kidogo na aanze na betri mbili halisi, ndipo anunue gripu ya kampuni nyingine inayojitaja kwa jina lake. Gripu ya kampuni ya kamera inamfaa anayefanya kazi kila wiki katika vumbi na mvua. Ya bandia haimfai yeyote.

Mwenye Canon asiuache nyumbani ule mlango wa betri alioung'oa. Gripu ikizima katikati ya ibada, mlango huo na betri moja vitamrudisha kazini kwa muda wa dakika moja, kwa sababu maharusi hawavishani pete mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.