Daktari wa Kigeni na Kiti cha Mrithi Wake: Maadili ya Kuajiri Waganga wa Nje, kutoka Kongo ya 1960 hadi Maniema ya Leo

Tangu Mei 2010, Baraza la Afya Duniani lilipopitisha Kanuni kuhusu Uajiri wa Kimataifa wa Watumishi wa Afya, mjadala wa maadili ya uajiri huo umekuwa ukimtazama mwajiri wa aina moja tu. Huyo ni nchi tajiri: Uingereza, Kanada, Ujerumani na nchi za Ghuba, zinazochukua wauguzi na madaktari waliosomeshwa kwa gharama za Kampala, Harare au Manila. Kwamba uchukuaji wa namna hiyo unaumiza, wengi wanakubali, nami sina la kuongeza. Ninachopinga ni dhana iliyojibanza nyuma ya makubaliano hayo: kwamba nchi maskini, inapokuwa yenyewe ndiyo mwajiri, haina deni lolote la kimaadili, kwa kuwa mhitaji hawezi kuwa mkosaji. Kongo ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo. Ni vigumu kupata nchi nyingine ya Kiafrika iliyolazimika kuajiri waganga wa kigeni kwa wingi na kwa ghafla kama Kongo ilivyolazimika baada ya 30 Juni 1960. Eneo lake ni kubwa mno, lakini kwa hesabu ya wasomi wake wa tiba ilizaliwa ikiwa taifa dogo kuliko visiwa vingi: watu wapatao milioni 15, na hospitali zao hazikuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye shahada ya udaktari.

Maandishi ya kinadharia yanatusaidia kidogo tu. Katika kitabu chao cha 2015, Gillian Brock na Michael Blake wanabishana vikali: Brock anairuhusu serikali maskini kumwekea mtaalamu masharti fulani kabla hajaondoka, kama miaka ya utumishi au kodi, Blake anaona kumzuia mtu asitoke nchini mwake ni kuvunja uhuru wake. Mchumi Michael Clemens anakwenda mbali zaidi na kudai kwamba takwimu za Afrika hazionyeshi kuwa kuhama kwa madaktari ndiko kunakozorotesha afya ya waliobaki. Wote watatu wamesimama kwenye mlango wa kutokea. Hakuna anayekwenda kusimama kwenye lango la hospitali ya wilaya na kuuliza: mgeni huyu amekalia kiti cha nani, na mwenye kiti yuko wapi? Hoja ya Clemens, ikifuatwa hadi mwisho wake, inairudishia mzigo serikali iliyo nyumbani. Kama daktari asiyehama naye hafiki kijijini, basi kuna mtu aliyepaswa kuiandaa nafasi ya kijijini na hakuiandaa, na mtu huyo mara nyingi ndiye anayetia sahihi mikataba ya wageni.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni yale yaliyofanyika Kongo kati ya 1960 na 1963. Utawala wa Kibelgiji ulijivunia mtandao wa hospitali uliosifiwa Afrika nzima, lakini ulimfungia Mkongomani mlango wa udaktari. Aliruhusiwa kuwa tabibu msaidizi, kada iliyofundishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) tangu miaka ya 1930 na pia Kisantu, kwa masomo ya miaka mingi baada ya sekondari. Matabibu hao waliendesha wodi, walipasua, walizalisha na walipambana na malale, huku sheria ikiwaweka daima chini ya daktari mzungu. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa 1954, kilikuwa bado hakijatoa daktari wake wa kwanza. Askari wa Force Publique, jeshi lililoachwa na ukoloni, walipoasi Julai 1960, madaktari wengi wa Kibelgiji walikimbia katika majuma machache, na waliobaki walikuwa hasa wa misheni. Shirika la Afya Duniani, likiongozwa na Mbrazili Marcolino Candau, likaombwa kuwatafuta waganga popote wanapopatikana. Wakaja kutoka nchi nyingi, Wahaiti wakiwa miongoni mwao, kwa kuwa walisema Kifaransa na walikuwa weusi, jambo lililokuwa na uzito wake katika nchi iliyotoka kutawaliwa.

Hadi hapo hii ni habari ya uokoaji, na kama ingeishia hapo isingetufundisha lolote kuhusu maadili. Kilichoitofautisha ni uamuzi wa pili, uliochukuliwa katika miezi ileile. Matabibu wasaidizi, watu pekee wenyeji waliojua kuendesha hospitali, waliondolewa wodini kwa makumi na kupelekwa katika vyuo vikuu vya Ufaransa ili wakamilishe masomo yao na kurudi wakiwa madaktari kamili. Tuupime uamuzi huo kwa uzito wake. Nchi iliyokuwa ikililia waganga ilikubali kuwatoa walio bora kati ya wachache iliokuwa nao, vita vikiwa Katanga na Kasai, vijiji vikikosa hata wa kuchoma sindano. Kwa hesabu ya siku ile hasara ilikuwa dhahiri. Ilivumilika kwa sababu moja: mgeni aliajiriwa kushikilia kiti wakati mwenyewe yuko shuleni, na wote wawili walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Karibu miaka mitatu baadaye kundi la kwanza lilirejea. Wakati huo Lovanium nayo ilikuwa imekwisha kutoa madaktari wake wa kwanza, mwaka 1961. Uhalali wa kumwita mgeni ulitoka katika mpango huo wa urithi, na dharura peke yake isingeweza kuutoa.

Ninaita sharti hili sharti la mrithi: serikali inayoajiri mganga wa nje ina haki ya kufanya hivyo pale tu inapokuwa imekwisha kumtaja mwenyeji atakayeshika nafasi ile, ikamlipia masomo yake, na ikaitenga mapema ajira yake ya baadaye. Sharti hili linambana mwajiri maskini sawasawa na tajiri. Tena linambana zaidi, kwa kuwa tajiri anayemkosa muuguzi wa Kiganda ataajiri wa Kifilipino, ilhali maskini aliyezoea wageni hubaki na wodi tupu siku mkataba unapokwisha.

Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo, ina mifano miwili, mmoja ukilithibitisha sharti hili na mwingine ukionyesha gharama ya kulipuuza. Kasongo, kusini mwa Kindu, mji mkuu wa jimbo, palianza mwaka 1971 mradi wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp pamoja na serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa. Madaktari wa Kibelgiji walikuwepo, lakini mfumo ulijengwa juu ya wauguzi wenyeji waliosimamia vituo vya afya kwa miongozo iliyoandikwa, daktari akija kukagua na kufundisha, na hospitali ikiwapokea wagonjwa waliopelekwa huko na vituo. Makala maarufu ya mradi kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto, iliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1981, ilitiwa sahihi kwa jina la timu nzima. Pangu Kasa Asila, daktari Mkongomani, aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya upangaji wa vituo hivyohivyo. Zaire ilipojigawa katika zoni za afya 306 miaka ya 1980, uzoefu wa Kasongo ulikuwa mojawapo ya misingi ya mgawanyo huo, na zoni 519 za leo, zikiwemo 18 za Maniema, ni wajukuu wake. Wageni walikwisha kuondoka, na muundo ukabaki mikononi mwa wenyeji.

Kalima ilikwenda njia nyingine. Ni mji uliozaliwa na kasiterite, madini ya bati, chini ya kampuni ya Symétain tangu miaka ya 1930 na baadaye SOMINKI, iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema. Kama kampuni nyingi za Kongo ya kikoloni, Symétain ilitibu wafanyakazi wake na familia zao, ikimlipa mganga kutoka kwenye mfuko uleule uliolipa mashine. Kwa mwenye kitambulisho cha kampuni huduma ilikuwepo. Lakini mganga alikuwa gharama ya uzalishaji, na gharama ya uzalishaji haina mrithi. Soko la bati la dunia liliporomoka Oktoba 1985, SOMINKI ikadhoofika mwaka hadi mwaka hadi ikavunjwa katika miaka ya vita, na afya ya mji ikadhoofika pamoja nayo. Zoni ya afya ya Kalima ilibidi ibebwe na serikali isiyokuwa imejiandaa kuibeba. Siwalaumu waganga waliofanya kazi pale. Nalaumu mkataba uliowaleta.

Pingamizi kubwa linatoka Haiti. Inawezaje kuwa halali kwa Kongo kujenga udaktari wake kwa waganga wa nchi maskini kama yenyewe? Leo Haiti na Kongo zote mbili zimo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilizitaja kuwa na upungufu mkubwa zaidi, na ambazo hazipaswi kuwindwa wataalamu wake. Kwa kipimo hicho uajiri wa 1960 ungekuwa na doa. Jibu langu ni kwamba Wahaiti wale walikuwa tayari wanaukimbia utawala wa François Duvalier, aliyekuwa daktari mwenyewe. Kongo haikuwatoa katika wodi ambazo wangebaki nazo kwa amani, na kama isingewaajiri wengi wao wangekwenda Montréal au New York. Hata hivyo jibu hilo linaondoa hatia bila kufuta deni. Kongo ilifaidika na masomo ambayo wananchi wa Haiti waliyalipia, na sijui kama imewahi kurudisha hata nafasi za masomo katika vyuo vyake. Mkataba wa haki baina ya maskini wawili ungepaswa kuwa na kifungu cha marejesho, na hapo Kanuni za 2010, zinazohimiza ushirikiano bila kuulazimisha, ni dhaifu.

Pingamizi la pili lina mvuto zaidi: mama mwenye uchungu pingamizi hawezi kusubiri falsafa ya urithi. Ni kweli, na ndiyo maana sharti la mrithi halikatazi dharura. Linakataza dharura isiyo na mwisho, na zaidi linakataza dharura ya kutengenezwa. Kenya ilitupa mfano wa aina hiyo mwaka 2017. Madaktari wake walikuwa wametoka katika mgomo wa siku 100, ulioisha 14 Machi. Siku chache baadaye serikali ilikubaliana na Rais John Magufuli apeleke madaktari 500 wa Tanzania, wakati Kenya ilikuwa na madaktari wake wasio na ajira. Madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani, mpango ukasimamishwa, na Magufuli akawaajiri 258 kati ya walioomba ndani ya Tanzania yenyewe. Tanzania nayo imo katika ile orodha ya 2023. Nchi mbili zilizo jirani, kila moja ikiwa na wagonjwa wasio na madaktari na madaktari wasio na kazi, zilikuwa karibu kubadilishana upungufu. Hapo mgeni angekuwa amekalia kiti cha mwenyeji aliyekuwa amesimama mlangoni na vyeti mkononi.

Hali hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuhusu Kongo ya sasa. Vyuo vyake vinatoa madaktari kila mwaka, na wengi wao hukaa miaka katika zoni za afya bila namba ya utumishi, wakiishi kwa malipo ya hatari yasiyo na uhakika au kwa ada za wagonjwa. Mgeni wa shirika la misaada katika hospitali ileile hulipwa kwa dola. Uchache wa madaktari tunaoulalamikia vijijini kwa sehemu kubwa ni uchache wa mishahara, na kumwajiri mgeni katika mazingira hayo ni kununua kwa bei ya juu kile ambacho nchi imekataa kukilipia kwa bei ya kawaida. Ninadai kwamba uajiri wa namna hiyo ni kosa la kimaadili hata pale mgeni anapokuja kwa hiari, kwa moyo safi, na kwa fedha za mfadhili.

Kwa hiyo Wizara ya Afya mjini Kinshasa na serikali ya jimbo mjini Kindu zisitie sahihi mkataba wowote wa kumleta mganga wa nje Kalima, Punia au Kasongo mpaka Mkongomani atakayemrithi awe ameandikwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mkataba usiokuwa na jina hilo, wabunge wa jimbo waukatae.