Burundi: Wagombea wa 1993 na Suala la Kurejea kwa Wakimbizi

Katika nchi nyingi wagombea wanapobishana juu ya uhamiaji, hubishana juu ya wageni: nani aingie, nani akae na nani aondoke. Kwa jirani zetu wa Burundi, uchaguzi wa rais wa tarehe 1 Juni 1993 ulileta suala la namna nyingine. Watu waliobishaniwa walikuwa wananchi wenyewe wa Burundi, waliokuwa wakiishi ugenini kwa zaidi ya miaka 20, wengi wao hapa kwetu Tanzania. Wananchi wa Burundi walitakiwa kuamua iwapo watu hao warudi, warudi kwa utaratibu gani, na wakifika wakae wapi. Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Ili kuufahamu ubishi huo, hatuna budi kurudi nyuma hadi Aprili 1972. Mwishoni mwa mwezi huo yalizuka maasi katika sehemu za kusini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, ambako waasi wa Kihutu waliua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero, ambayo jeshi lake lilishikwa na Watutsi, haikuishia kuyazima maasi hayo. Kwa miezi kadhaa iliwasaka Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara na viongozi wa dini. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki mbili, na wako wanaotaja idadi kubwa zaidi. Waliosalimika walikimbilia Rwanda, Zaire na Tanzania.

Tanzania iliwapokea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na kweli wakimbizi hao walipewa jembe na ardhi ya kulilimia. Yakafunguliwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba, na baadaye Mishamo, katika sehemu za Mpanda. Palipokuwa pori pakawa mashamba ya mahindi, maharage na tumbaku. Ukarimu huo ulikuwa na gharama zake, kwani mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalivuka mpaka na kushambulia vijiji vya mkoa wa Kigoma. Hata hivyo milango haikufungwa.

Wakati huohuo, huko nyuma Burundi, mashamba yaliyoachwa hayakukaa bure. Katika bonde la Rumonge, penye michikichi na rutuba, ardhi ya waliokimbia iligawiwa watu wengine au kuingizwa katika miradi ya serikali. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na karibu kila mtu huishi kwa kulima. Kipande cha shamba ndicho chakula cha familia, ndicho urithi wa watoto, na ndicho mahali walipozikwa wazee. Kanali Jean-Baptiste Bagaza alipotwaa madaraka mwaka 1976 aliwaita wakimbizi warudi, lakini waliomwitikia walikuwa wachache. Kisha sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ikatambua haki ya mtu aliyekalia ardhi kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila mwaka uliopita ulimdhoofisha mkimbizi na kumwimarisha aliyekuwa ndani ya shamba.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mauaji ya Ntega na Marangara ya Agosti 1988. Meja Pierre Buyoya, aliyekuwa ametwaa madaraka mwaka mmoja kabla, aliona kwamba nchi haiwezi kuendelea vilevile. Alimteua Mhutu kuwa Waziri Mkuu, akaleta Mkataba wa Umoja wa Taifa uliopigiwa kura Februari 1991, na mwaka uliofuata ikapatikana katiba iliyoruhusu vyama vingi. Mwaka huohuo wa 1991 iliundwa tume ya kushughulikia kurudi kwa wakimbizi na kuwapatia makazi.

Wagombea walikuwa watatu. Pierre-Claver Sendegeya wa chama cha PRP, kilichotaka ufalme urejeshwe, hakupata kura nyingi. Mashindano yalikuwa kati ya Buyoya wa chama tawala cha UPRONA na Melchior Ndadaye wa FRODEBU.

Msimamo wa Buyoya ulikuwa wa mtu aliyeshika serikali na kuogopa mtikisiko. Alikubali kwamba wakimbizi ni Warundi na kwamba mlango uko wazi, lakini warudi polepole, kwa kupitia tume, na kwa kadiri nchi itakavyoweza kuwapokea. Aliyekuta shamba lake limekaliwa, serikali ingemtafutia ardhi kwingine. Kwa aliyekuwa amepewa shamba mwaka 1973 na kulea watoto humo, maneno hayo yalikuwa kinga. Kwa mkimbizi wa Ulyankulu yalikuwa na maana nyingine: dhuluma aliyotendewa ilikuwa imehalalishwa kwa kupita kwa miaka.

Ndadaye yeye alikuwa mkimbizi. Alikimbilia Rwanda mwaka 1972 akiwa kijana wa shule, akasoma na kufanya kazi huko hadi aliporudi nyumbani mwaka 1983. Chama chake kilizungumza juu ya Burundi mpya, Burundi Bushasha, ambayo ndani yake kurudi nyumbani ni haki ya kila Mrundi wala si fadhila ya serikali. Kauli hiyo iliwagusa watu wengi, kwani ni familia chache za Kihutu ambazo hazikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka. Lakini haki hiyo haikuelezwa itatekelezwaje pale ambapo nyumba mbili zinadai shamba moja. Wafuasi wa FRODEBU vijijini walisikia kwamba mashamba yatarudi. Wapinzani wao walisikia kwamba wataondolewa. Maneno yalikuwa yaleyale, nayo yaliamsha matumaini huku na hofu kule.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Ndadaye alipata karibu asilimia 65 ya kura na Buyoya asilimia 32. Buyoya alikubali kushindwa na kukabidhi madaraka tarehe 10 Julai 1993, jambo lililosifiwa kote Afrika. Ndadaye naye alijitahidi kutuliza hofu: alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa Waziri Mkuu, na kuwapa wapinzani nafasi katika baraza la mawaziri.

Lakini wakimbizi hawakungoja utaratibu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na baada ya miaka 20 ya kungoja ni nani angewaambia wangoje zaidi? Maelfu walivuka mpaka katika miezi ile michache na kwenda moja kwa moja kwenye vilima vya wazazi wao, wakadai mashamba yao. Migogoro ikazuka, na wale waliokuwa na sababu nyingine za kuichukia serikali mpya, hasa ndani ya jeshi, wakapata hoja ya kuwatisha wenzao. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimwua Rais Ndadaye. Yaliyofuata yanajulikana: Watutsi waliuawa vijijini, jeshi likaua Wahutu kwa kulipiza kisasi, na watu wapatao laki saba wakakimbia nchi. Baadhi yao walikuwa hawajamaliza hata miezi minne tangu warudi nyumbani.

Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi. Mazungumzo ya amani yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake na Mzee Nelson Mandela, yalizaa Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo ulitamka kwamba kila mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Aliyetia saini kwa niaba ya Serikali ya Burundi alikuwa Rais Pierre Buyoya, aliyekuwa amerudi madarakani kwa nguvu mwaka 1996. Jambo lililoachwa wazi katika kampeni ya 1993 hatimaye liliandikwa, lakini baada ya damu nyingi kumwagika.

Hata baada ya kuandikwa halikuwa jepesi. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilianza kwa kusisitiza kwamba mkimbizi na aliyemkuta shambani wagawane. Baada ya 2011 ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba lote, na malalamiko yakahamia upande wa pili. Hapa kwetu, wakimbizi wa 1972 walipewa hiari kuanzia mwaka 2007. Wapatao elfu hamsini na kitu walirudi Burundi. Wengi zaidi waliomba uraia, na kufikia 2014 zaidi ya watu 162,000 walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Wengi wao walizaliwa hapa na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazee tu.

Ndugu msikilizaji, wagombea wote wawili wa 1993 walisema jambo la kweli. Ni kweli kwamba mwananchi hapotezi nchi yake kwa kufukuzwa. Ni kweli pia kwamba shamba lililokaliwa miaka 20 lina watu ndani yake, na kwamba mtoto aliyezaliwa humo hakumfukuza mtu yeyote. Upungufu ulikuwa kwamba kila mmoja aliwaambia wafuasi wake ile nusu ya ukweli waliyopenda kuisikia. Mgombea anayeahidi kwamba watu watarudi anapaswa kusema pia watakaa wapi. Na yule anayeomba subira anapaswa kusema subira hiyo itakwisha lini. Wasipofanya hivyo, maswali hayo huachiwa watu wawili wanaokutana kwenye mpaka wa shamba, kila mmoja ameshika panga lake la kulimia.