Janga la UVIKO-19, Matamasha Yaliyofutwa na Hatima ya Fedha za Tiketi

Janga la UVIKO-19, ambalo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza Machi 11, 2020 kuwa janga la dunia, lilisimamisha matamasha ya muziki, sherehe za utamaduni na maonesho ya jukwaani karibu katika kila nchi. Mbali na hasara waliyoipata wasanii na waandaaji, janga hilo liliibua swali lililowagusa wananchi wa kawaida moja kwa moja: mtu aliyekwisha kulipia tiketi ya tamasha ambalo halikufanyika ana haki gani juu ya fedha zake? Makala haya yanaeleza jinsi shughuli hizo zilivyosimama, namna nchi mbalimbali zilivyolijibu swali hilo na msingi wa sheria unaohusika Tanzania Bara.

Kusimama kwa matamasha

Matamasha yalikuwa miongoni mwa shughuli za kwanza kusimamishwa na za mwisho kuruhusiwa, kwa kuwa hukusanya watu wengi mahali pamoja kwa muda mrefu. Nchini Marekani, tamasha la South by Southwest la Austin, Texas, lilifutwa Machi 6, 2020, siku chache kabla ya kuanza. Tamasha la Coachella la California lilisogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba mwaka huo, kisha likafutwa kabisa, na halikurejea hadi Aprili 2022. Nchini Uingereza, tamasha la Glastonbury, lililokuwa likiadhimisha miaka 50, lilifutwa Machi 18, 2020. Mwaka 2021 nalo halikufanyika.

Nchini Tanzania, mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Mhe. Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30 na kusitishwa kwa mikusanyiko ya umma, yakiwemo matamasha ya muziki na michezo. Shughuli za michezo ziliruhusiwa tena kuanzia Juni 1, 2020. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, ambalo lilikuwa limefanyika Februari 2020 kabla ya katazo hilo, lilifanyika tena Februari 2021 katika Ngome Kongwe, safari hii kwa siku mbili badala ya nne.

Katika nchi jirani subira ilikuwa ndefu zaidi. Kenya ilianza amri ya kutotoka nje usiku Machi 27, 2020 na kuiondoa Oktoba 20, 2021. Uganda ilizuia mikusanyiko Machi 2020, na burudani za usiku hazikuruhusiwa tena hadi Januari 2022.

Ukubwa wa hasara hiyo unaonekana katika hesabu za kampuni ya Live Nation ya Marekani, mwandaaji mkubwa wa matamasha na mmiliki wa Ticketmaster. Mapato yake yalishuka kutoka takribani dola za Marekani bilioni 11.5 mwaka 2019 hadi chini ya dola bilioni 2 mwaka 2020. Nyuma ya hesabu za kampuni kubwa walikuwapo wapiga vyombo, mafundi wa mitambo ya sauti na taa, walinzi, mama lishe na madereva, ambao wengi wao hulipwa kwa siku na hawakuwa na mkataba wa kudumu wa kuwakinga.

Fedha za tiketi huwa wapi

Ili kuelewa kwa nini urejeshaji wa fedha ulikuwa mgumu, ni muhimu kufahamu mwenendo wa biashara yenyewe. Mwandaaji huuza tiketi miezi mingi kabla ya tamasha. Kabla mnunuzi hajafika mlangoni, sehemu ya fedha hizo huwa imekwisha tumika kulipia malipo ya awali ya wasanii, ukumbi, matangazo, vibali na usafiri. Tamasha linapofutwa, mwandaaji hudaiwa fedha zote na wanunuzi ilhali yeye mwenyewe anapaswa kuwadai wasanii na watoa huduma.

Kinga ya kawaida katika hali hiyo ni bima ya kufutwa kwa tukio. Hata hivyo, bima nyingi za aina hiyo hazikujumuisha magonjwa ya kuambukiza. Waandaaji wa South by Southwest, kwa mfano, walikuwa na bima, lakini haikugusa ugonjwa. Kwa kuwa masharti yao yalisema tiketi hazirejeshewi fedha, waliwapa wanunuzi nafasi ya kuhudhuria miaka iliyofuata, hatua iliyosababisha baadhi yao kufungua kesi mahakamani.

Njia tatu zilizotumika

Kwa ujumla, nchi na waandaaji walifuata njia tatu.

Ya kwanza ni kurejesha fedha taslimu. Mwezi Aprili 2020, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilieleza kwamba, katika hali nyingi, mlaji ambaye hakupata huduma kwa sababu ya vizuizi vya serikali anastahili kurejeshewa fedha zake zote. Msimamo huo ulimweka mlaji mbele, ingawa uliwaelemea waandaaji wadogo wasiokuwa na akiba.

Ya pili ni kuhamisha tiketi hadi tarehe nyingine. Glastonbury iliwaruhusu wanunuzi waliotanguliza pauni 50 kuziacha zihesabiwe kwa tamasha lijalo, au kuzichukua. Njia hii ilifanikiwa pale mnunuzi alipopewa hiari ya kweli ya kuchagua.

Ya tatu ni vocha, yaani hati yenye thamani ya tiketi inayotumika baadaye. Italia iliweka utaratibu huo kwa amri ya serikali ya Machi 17, 2020, na muda wa vocha ukaongezwa baadaye kutoka miezi 12 hadi 18. Utaratibu huo ulizua malalamiko pale matamasha ya Paul McCartney yaliyopangwa kufanyika Napoli na Lucca Juni 2020 yalipofutwa. Mwanamuziki huyo alieleza hadharani kutoridhishwa kwake na mashabiki kupewa vocha badala ya fedha, kwa kuwa walikuwa wamelipia kumwona yeye na si tamasha jingine lolote.

Ujerumani ilijaribu kuweka mizani. Sheria iliyoanza kutumika Mei 20, 2020 iliwaruhusu waandaaji kutoa vocha kwa tiketi zilizonunuliwa kabla ya Machi 8, 2020. Vocha ilipaswa kuwa na thamani kamili ya tiketi pamoja na ada za uuzaji. Mtu ambaye hali yake ya maisha haikumruhusu kusubiri aliweza kudai fedha taslimu, na yeyote ambaye hakuitumia vocha hadi Desemba 31, 2021 alipata haki ya kurejeshewa fedha. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi wa tiketi aligeuzwa kuwa mkopeshaji wa mwandaaji, lakini mkopo huo uliwekewa tarehe ya mwisho.

Msingi wa sheria Tanzania Bara

Kwa Tanzania Bara, tiketi ni ushahidi wa mkataba kati ya mwandaaji na mnunuzi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza katika kifungu cha 56 kwamba mkataba wa kutenda jambo ambalo baadaye linakuwa haliwezekani au ni kinyume cha sheria hubatilika pale hali hiyo inapotokea. Kifungu cha 65 kinamtaka mtu aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliobatilika kuyarejesha au kuyafidia. Aidha, Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, ina masharti ya kumlinda mlaji dhidi ya taarifa za kupotosha, na utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Hapo ndipo tofauti kati ya maneno mawili hupata uzito. Tamasha lililofutwa limefikia mwisho, na deni la mwandaaji kwa mnunuzi liko wazi. Tamasha lililoahirishwa linahesabiwa kuwa bado lipo, na mwandaaji anaweza kudai kuwa atatimiza ahadi yake. Wakati wa janga, matukio mengi duniani yalitangazwa kuwa yameahirishwa bila kutajwa tarehe mpya, na wanunuzi wakabaki bila burudani na bila fedha.

Mambo ya kuzingatia kwa mnunuzi

Uzoefu wa kipindi hicho unampa mwananchi tahadhari zinazofaa hata nyakati za kawaida. Ni vyema kununua tiketi kwa muuzaji aliyeidhinishwa na mwandaaji, na kutunza risiti au ujumbe wa muamala wa simu hadi tamasha limalizike. Ni muhimu pia kusoma masharti yanayohusu kufutwa na kuahirishwa kabla ya kulipa, kufahamu iwapo ada ya uuzaji hurejeshwa, na kuhakikisha jina na anwani ya mwandaaji vinajulikana.

Tukio linapoahirishwa, mnunuzi anashauriwa kuomba kwa maandishi tarehe mpya pamoja na uamuzi wa mwandaaji kuhusu wasioweza kuhudhuria siku hiyo. Anapopewa vocha, aangalie thamani yake, muda wake wa kutumika na kinachofuata muda huo ukiisha. Vocha isiyoeleza mambo hayo matatu humwachia mnunuzi hasara yote.