Kwa nini udongo wa mbuga ukibonyea haurudi

Mvua ikinyesha Bariadi, Itilima au Maswa, lori moja likipita kwenye barabara ya udongo mweusi huacha mifereji miwili. Jua likiwaka, mifereji hiyo inakauka na kuwa migumu kama tofali. Haiondoki yenyewe. Katika makala hii tunaeleza kwa nini iko hivyo, na jinsi wahandisi wanavyopiga hesabu kujua mapema ardhi itabeba mzigo gani.

Mpaka wa udongo

Udongo wowote ukikandamizwa unabonyea. Mzigo ukiwa mdogo, unabonyea kidogo na kurudi, kama godoro. Mzigo ukizidi kiwango fulani, chembe za udongo zinateleza na kujipanga upya. Hapo hata ukiondoa mzigo, chembe hazirudi zilikokuwa.

Kiwango hicho ndicho mpaka ambao hesabu inautafuta. Mpaka huo unaweza kusogea. Udongo uliokwisha kubanwa na mzigo mkubwa unabeba mzigo kama huo tena bila kubonyea sana. Ndiyo maana barabara hushindiliwa kabla ya kufunguliwa.

Maji nayo yanausogeza mpaka. Mbuga ni mfinyanzi wa chembe ndogo mno. Ukilowa unavimba na kulainika, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Luseni, udongo wa kichanga tunaoukuta juu kwenye miinuko, hauvimbi hivyo.

Hesabu zilianzia wapi

Mwaka 1925, Karl Terzaghi alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mfinyanzi unadidimia polepole kwa sababu maji yaliyomo yanachukua muda kutoka. Miaka ya 1950 na 1960, Kenneth Roscoe, Andrew Schofield na Peter Wroth wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliunganisha mzigo, nafasi kati ya chembe na mpaka huo katika modeli moja. Waliiita Cam Clay, kwa jina la mto Cam unaopita mjini hapo.

Modeli hiyo ilihusu udongo uliojaa maji. Mwaka 1990 watafiti wa Barcelona, Hispania, walitoa modeli iliyoingiza pia hali ya ukavu. Hiyo iko karibu zaidi na udongo unaolowa na kukauka kila mwaka.

Ili kupata namba za kuingiza, kipande cha udongo huwekwa ndani ya pete ya chuma maabara, kikaongezewa uzito hatua kwa hatua huku kikipimwa kinavyobonyea. Kisha uzito unapunguzwa, ili ionekane kimerudi kiasi gani.

Inatuhusu vipi

Barabarani: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Wahandisi wa lami hukadiria kwamba uharibifu unapanda haraka kuliko uzito: ekseli ya tani 12 huharibu karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Kwenye barabara ya udongo iliyolowa, pita moja tu ya lori zito inatosha kuvuka mpaka.

Shambani: trekta likiingia mbuga mbichi linabana udongo chini ya kina cha jembe. Mizizi ya pamba inapata shida kupenya, na maji ya mvua yanatuama juu. Subiri udongo ukauke kiasi cha kumeguka mkononi badala ya kunata.

Nyumbani: ukiweza, jenga kwenye mwinuko wa luseni. Kama kiwanja ni mbuga, chimba msingi hadi tabaka gumu, au ondoa udongo mweusi ujaze moramu na kuishindilia. Elekeza maji ya paa mbali na ukuta. Nyufa nyingi huanza pale upande mmoja wa msingi unapolowa na mwingine ukabaki mkavu.