Shaba na Ngozi: Historia ya Bangili na Mrututu

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyopata heshima kubwa mbali na pwani ni neno shaba. Tangu mwaka 1971 hadi 1997 lilikuwa jina rasmi la jimbo la Katanga, huko Kongo. Wanafunzi wetu hulijua kuwa ni jina la madini ya kutengenezea nyaya na sufuria. Ni wachache wanaojua kwamba madini hayo yamekuwa pambo na dawa ya mwili wa binadamu kwa karne nyingi, na kwamba katika habari hiyo mna funzo linalogusa afya ya watoto wetu.

Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa mwaka 1957 na 1958, wataalamu waliwakuta wafu wamezikwa na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya baadaye mlikuwamo pia misalaba midogo ya shaba, ambayo ilitumika kama fedha. Karne ya 19 Msiri alitoka Unyamwezi, akajenga himaya yake Bunkeya, na watu wake, Wayeke, wakajulikana kwa kufua shaba na kuivuta iwe nyaya. Nyaya nene ziliitwa masango, nazo zilivaliwa mikononi na miguuni. Msiri aliuawa mwaka 1891, lakini mapambo ya shaba hayakuuawa pamoja naye.

Je, shaba inayovaliwa huingia mwilini? Kila aliyevaa bangili ya shaba ameona alama ya kijani mkononi mwake. Jasho lina chumvi na asidi. Vitu hivyo huila shaba kidogo kidogo, na ile kutu ya kijani hubaki juu ya ngozi. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Australia, Walker na Keats, walieleza kwamba bangili za shaba hupungua uzito zinapovaliwa. Wengi wakashangilia, wakidhani kuwa sasa imethibitika kwamba bangili huponya baridi yabisi.

Lakini kupungua kwa bangili si kupona kwa mgonjwa. Katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza, Stewart Richmond na wenzake waliyachunguza madai hayo. Taarifa yao ya mwaka 2013 ilihusu wagonjwa 70 wa baridi yabisi, ambao kila mmoja alivaa kwa zamu bangili ya shaba na vifaa vingine vya mkononi. Shaba haikupunguza maumivu wala uvimbe kuliko kifaa kisicho na nguvu yoyote. Kwa hiyo bangili ibaki kuwa pambo, na mwenye viungo vinavyouma aende kwa mganga wa hospitali.

Kadhalika, hapana haja ya kuiogopa bangili. Mwili wenyewe unahitaji shaba: ndani ya mtu mzima mna takriban miligramu 100, inayotokana na chakula, na inayozidi hutolewa na ini kwa njia ya nyongo. Ngozi nzima hupitisha kiasi kidogo mno. Ugonjwa wa shaba kujaa katika ini na ubongo, ambao daktari Wilson aliueleza mwaka 1912, hautokani na mapambo. Mtu huurithi kutoka kwa wazazi wake.

Hatari iko kwingine, nayo ina jina la Kiswahili: mrututu. Hii ni chumvi ya shaba, yenye rangi ya samawati ya kupendeza. Wakulima wameisifu tangu mwaka 1885, Millardet alipotangaza huko Ufaransa kwamba mrututu ukichanganywa na chokaa huokoa mizabibu na ukungu. Lakini kamusi zetu za zamani zinataja kazi nyingine ya mrututu, yaani kuunguza vidonda. Aliyeutia katika kidonda aliona nyama mbovu ikikauka, akaamini kwamba dawa imefanya kazi.

Kidonda, hata hivyo, si ngozi. Ngozi nzima ni mlango uliofungwa. Kidonda ni mlango ulio wazi, na moto ukiunguza sehemu kubwa ya mwili, ni kama nyumba isiyo na mlango kabisa. Jambo hili lilidhihirika katika miaka ya 1960. Madaktari wa jeshi la Marekani walikuwa wakiosha kwa maji ya mrututu majeraha yaliyounguzwa na fosforasi, kwa sababu mrututu huifanya fosforasi iwe nyeusi, ikaonekana na kuondolewa. Mwaka 1967 ilielezwa kwamba baadhi ya majeruhi waliotibiwa hivyo chembe nyekundu za damu yao zilipasuka kwa wingi. Shaba ilikuwa imepita jerahani ikaingia katika damu. Chembe zikipasuka hivyo, mafigo nayo huweza kushindwa kazi. Ndiyo maana njia hiyo imeachwa.

Basi, walimu wenzetu, tunapofundisha msamiati wa madini, yafaa tusiishie kwenye maana ya neno. Mwanafunzi na ajue kwamba shaba ni moja, lakini hali zake si moja: bangili juu ya ngozi nzima haimdhuru mvaaji wala haimponyi, bali mrututu katika kidonda cha mtoto waweza kumharibu damu. Mrututu uhifadhiwe mbali na watoto, usiwekwe katika chupa ya soda, wala usionjwe, kwani ukimezwa ni sumu. Na mtoto aliyeungua aoshwe kwa maji safi ya baridi, kisha apelekwe zahanati bila kupakwa kitu.