Biashara ya Pengo: Kadi za Besiboli na Maduka ya Ukoo Nchini Marekani

Watoto wengi waliokulia Tanzania waliuita ubani wa kutafuna "bazoka" bila kujua kwamba jina hilo lina asili Brooklyn, New York. Huko ndiko ndugu wanne wa ukoo wa Shorin, watoto wa mfanyabiashara wa tumbaku, walikoanzisha kampuni ya Topps mwaka 1938. Ubani wao wa Bazooka uliingia sokoni mwaka 1947. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuuza peremende na ubani katika pakiti zenye kadi za wachezaji wa besiboli ndani yake. Haikupita muda mzigo ukampita mchukuzi: watoto walitema ubani, wakabaki na kadi. Kutokana na kadi hizo kulizuka biashara ya maduka madogo, mengi yakiwa ya baba na mwana au mume na mke, na jamii ya wakusanyaji iliyoyageuza maduka hayo kuwa baraza lake.

Kadi zenyewe zina umri mkubwa kuliko ubani. Katika miaka ya 1880, watengenezaji wa sigara kama Allen & Ginter wa Richmond, Virginia, walitia kipande cha kadibodi katika pakiti ili sigara zisivunjike. Kwa kuwa kipande hicho kilikuwepo tayari, wakakichapisha picha za waigizaji, mabondia, ndege, bendera na wachezaji wa besiboli. Picha zilitolewa kwa seti. Mvutaji aliyepata kumi alianza kuziulizia zilizobaki, na ili azipate ilimbidi avute zaidi. Pamoja na picha alikuwa ameuziwa pengo la kuziba.

Pengo mashuhuri kuliko yote ni la kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh. Kati ya mwaka 1909 na 1911, shirika kubwa la tumbaku la American Tobacco lilitoa seti yenye kadi zaidi ya 500, lakini ya Wagner ikasitishwa mapema. Wapo wasemao hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake, na wapo wasemao suala lilikuwa malipo. Vyovyote iwavyo, zilizobaki ni chache mno, na mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Kampuni ya ubani ya Goudey, ya Boston, iliupeleka mchezo huo mbali zaidi. Mwaka 1933 ilitoa seti yenye namba mfululizo, ila kadi namba 106 haikuwamo katika pakiti yoyote. Watoto walinunua wakanunua wakiitafuta. Malalamiko yalipozidi, mwaka uliofuata Goudey iliichapisha kadi hiyo, ikiwa na picha ya mchezaji Napoleon Lajoie, ikawatumia kwa posta walioandika barua kuidai. Leo kadi hiyo ya kutuliza hasira ni miongoni mwa zinazotafutwa sana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeipatia mali hii daftari ni Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse, New York, mtu asiye na mke wala utajiri, mwenye maradhi ya viungo yaliyompinda mikono. Mwaka 1939 alitoa orodha ya kadi za Marekani, akazipanga kwa aina na namba. Seti ya Wagner ndiye aliyeipa jina la T206, T ikisimama badala ya tumbaku, na hadi leo hakuna mkusanyaji anayeiita vinginevyo. Vitu vyake zaidi ya 300,000 alivitoa kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kisha akatumia miaka yake ya mwisho akivibandika katika albamu kwa mikono ileile yenye maumivu. Alimaliza Januari 1963. Miezi miwili baadaye akafariki.

Wakati huo Topps ilikuwa imeshika soko. Seti yake ya mwaka 1952, yenye kadi 407, ilibuniwa na mfanyakazi wake Sy Berger kwenye meza ya jikoni nyumbani kwake, na ndiyo iliyoweka mtindo ambao wengine waliufuata: picha kubwa ya rangi, nembo ya timu, sahihi ya mchezaji, na takwimu zake nyuma. Lakini fungu la mwisho, lililoanza na namba 311 ya nyota Mickey Mantle, lilichelewa kufika madukani, watoto wakiwa wameshahamia kwenye futiboli ya Kimarekani. Shehena ikadoda. Kwa simulizi ya Berger mwenyewe, mwaka 1960 alizipakia kadi hizo kwenye tishari la takataka na kuzimwaga katika bahari ya Atlantiki. Agosti 2022, Mantle mmoja wa namba hiyo aliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Mamilioni hayo hutangazwa sana, lakini si yaliyolilisha duka la ukoo. Woody Gelman, mtumishi wa Topps aliyekuwa pia mkusanyaji, aliendesha pamoja na baba yake wa kambo kampuni ya kuuza kadi za zamani kwa posta. Larry Fritsch wa Stevens Point, Wisconsin, aliifanya biashara ya kadi kuwa kazi yake ya kudumu mwaka 1970, jambo ambalo majirani wengi wangeliona kama utoto. Alipofariki, biashara ilibaki mikononi mwa familia yake. Watu hawa waliuza seti nzima, na waliuza pia kadi mojamoja za wachezaji ambao hakuna aliyewashangilia. Mnunuzi aliwatumia orodha ya namba anazozikosa. Wao walipekua maboksi, wakamrudishia bahasha.

Maduka ya mitaani yaliyoenea katika miaka ya 1980 yalirithi kazi hiyo. Nyota walikaa ndani ya kioo, wengine wakapangwa kwa namba katika maboksi marefu ya kadibodi. Kijana aliingia Jumamosi na karatasi mfukoni, akasimama pembeni ya mzee anayetafuta mwaka wa utoto wake, wakabadilishana walichonacho. Bei walibishania kwa kufuata kitabu cha mtakwimu James Beckett, kilichoanza kutoka mwaka 1979. Mwaka 1980 wakusanyaji wa nchi nzima walikutana Los Angeles kwa maonyesho yao ya kwanza ya kitaifa, na hukumu ya mahakama ya mwaka huo ikazifungulia kampuni za Fleer na Donruss mlango wa kushindana na Topps.

Kisha ikaja gharika. Watu walisoma habari za minada, wakanunua kadi kwa maboksi na kuyafungia kama akiba ya uzeeni. Viwanda vikachapisha bila kipimo. Wasichokumbuka ni kwamba kadi za zamani zilikuwa adimu kwa sababu akina mama walizitupa, watoto walizifunga kwenye spoku za baiskeli, na Berger alizizamisha. Kadi ambayo kila mtu ameitunza hakuna anayeikosa. Mgomo wa wachezaji wa mwaka 1994 ulipowachukiza mashabiki, bei zilikuwa zimeshaanza kuporomoka, na maduka mengi yakafunga. Baadaye intaneti ikamrahisishia mnunuzi kuipata kadi bila kutoka nyumbani, na wakaguzi wakazidi kuzifungia kadi katika vibweta vya plastiki vyenye alama ya ubora. Ukoo wa Shorin nao uliacha usukani: Topps iliuzwa mwaka 2007, na mwaka 2022 ikawa mali ya kampuni ya Fanatics.

Maduka ya ukoo yaliyosalia yanaweza kuuza vibweta hivyo, lakini nguzo ya zamani haijaondoka. Mwenye kadi 406 za mwaka 1952 anaikosa moja tu, na huenda ni ya mchezaji ambaye jina lake halimwambii mtu kitu. Kwake yeye hiyo ndiyo kubwa kuliko Mantle, na anayejua iko kwenye boksi la ngapi ni mwenye duka.