Bakteria walao mafuta, na matope yanayowashinda

Haya wasomaji, leo naweka kodi kando kidogo. Nina kisa cha sayansi ambacho yeyote aliyewahi kuandika programu atakielewa upesi: programu ni nzuri, lakini mashine inayoiendesha haina umeme.

Tuanzie mwaka 1972. Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi General Electric kule Marekani, aliomba hataza ya bakteria aliyemuunda mwenyewe. Alichukua plasmidi nne, yaani vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria huweza kupokezana, akazikusanya ndani ya bakteria mmoja ili avunje aina kadhaa za mafuta kwa pamoja. Ofisi ya hataza ikakataa kumpa haki juu ya kiumbe hai. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 16 Juni 1980 akashinda, majaji 5 dhidi ya 4. Uamuzi huo uliifungulia njia biashara yote ya bioteknolojia. Bakteria mwenyewe, lakini, hakuwahi kupelekwa baharini kusafisha mafuta ya meli.

Kisha ikaja tarehe 24 Machi 1989. Meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba kule Alaska ikamwaga galoni kama milioni 11 za mafuta ghafi. Fukwe zilioshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo kali, na maji hayo yakaua hata viumbe walionusurika mafuta. Ndipo Exxon na shirika la mazingira la Marekani, EPA, wakajaribu njia nyingine. Hawakuleta bakteria wageni. Walinyunyiza mbolea!

Kwa nini mbolea? Bakteria wenyeji walikuwepo tayari. Mafuta yaliwapa kaboni tele, lakini nitrojeni na fosforasi zilikuwa haba. Walipopewa, mawe yaliyopakwa mbolea yalianza kuonekana safi baada ya wiki chache.

Mmoja wa walaji hawa anaitwa Alcanivorax borkumensis, kutoka Bahari ya Kaskazini. Alielezwa rasmi mwaka 1998, na mwaka 2006 jenomu yake yote ilisomwa: herufi zipatazo milioni 3.1. Nilipiga hesabu. Kila herufi ni biti 2, hivyo jumla haifiki kilobaiti 800. Mdudu mzima anaenea kwenye diski moja ya floppy na nafasi inabaki!

Sasa njoo kwenye matope, maana hapo ndipo kazi inapokwama. Mwaka 2001 watafiti wa NOAA walichimba maelfu ya mashimo kwenye fukwe zile za Alaska na kukuta mafuta bado yamejificha chini ya mawe. Mwaka 2010 Hailong Li na Michel Boufadel walieleza sababu: tabaka la chini hupitisha maji polepole sana, kwa hiyo oksijeni na virutubisho havifiki. Juu ya jiwe bakteria anapumua na kula. Sentimita chache chini yake, amekwama.

Sakafu ya bahari ni hivyo hivyo. Baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon mwaka 2010, bakteria walikula sehemu ya mafuta yaliyoelea katika maji ya kina, lakini sehemu nyingine ilishuka na kutua kwenye tope la chini. Wapo bakteria wanaotumia salfeti badala ya oksijeni, ila kazi yao ni ya kobe.

Sisi wa pwani tope hilo tunalijua. Ingia kwenye mikoko, chimba kidogo tu, utakutana na tope jeusi linalonuka kama yai viza. Harufu ile ni kazi ya bakteria wa salfeti, na ni ishara kwamba oksijeni imekwisha. Mafuta yakizama humo, kumwaga chupa ya bakteria wa dukani hakutaongeza hewa. Kulilima tope ili lipate hewa nako kutakata mizizi ya mikoko yenyewe.

Kwa hiyo mtu akija kukuuzia mdudu wa ajabu, muulize maswali mawili: atapumua nini, na atapata wapi nitrojeni? Akikosa jibu, pesa hizo afadhali zinunue maboya ya kuzingira mafuta kabla hayajafika kwenye mikoko.

Haya, narudi kwenye kodi. Kwaherini.